Wimbo Unaomtosha Mama Mkwe

Nyimbo nyepesi za karaoke kwa wazee wa Japani, na jinsi ya kumrudishia mzazi sauti yake

“MIMI basi. Waimbe watoto.”

Bibi mmoja wa Kijapani, anayekaribia umri wa miaka 80, alisema maneno hayo kisha akakiweka kipaza sauti mezani polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Aliyetusimulia ni mke wa mwanawe, msomaji wetu wa siku nyingi, mzaliwa wa Tanga ambaye ameolewa na anaishi huko Japani.

Ilikuwa Siku ya Kuheshimu Wazee, ambayo Wajapani huiadhimisha Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Septemba. Wajukuu walimpeleka bibi yao kwenye karaoke, yaani chumba cha kukodi chenye mashine inayopiga muziki bila mwimbaji, huku maneno ya wimbo yakipita kwenye skrini ili ninyi wenyewe mwimbe. Walimchagulia wimbo anaoupenda, Kawa no Nagare no Yo ni wa mwimbaji Misora Hibari. Alianza vizuri. Lakini kiitikio kilipopanda, sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika tena, na muziki haukumngoja. Mwishoni mashine ikatoa alama mbele ya wote, nazo zilikuwa chini kuliko za mjukuu wa miaka tisa. Watoto wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya. Walicheka kama watoto wachekavyo.

“Tangu siku hiyo Mama haimbi,” msomaji wetu alituandikia. “Zamani alikuwa akiosha vyombo huku akiimba chini chini. Sasa jikoni ni kimya. Hata mezani anajibu akiulizwa tu. Mume wangu anasema ni uzee. Mimi naona siyo uzee. Nisaidieni: ni nyimbo gani nyepesi za kwao ambazo mtu wa umri wake anaweza kuziimba bila kuaibika?”

Sisi tulianza kazi tukidhani kwamba tunatafuta orodha ya nyimbo. Orodha tumeipata, na utaisoma hapa chini. Lakini tumejifunza pia kwamba wimbo ni kama nguo. Haitoshi kwamba ni nzuri. Sharti imtoshe anayeivaa.

Karaoke ilianzia wapi?

Neno karaoke ni la Kijapani. Kara maana yake ni tupu, na oke ni kifupi cha neno okesutora, yaani kundi kubwa la wapiga muziki. Kwa hiyo karaoke ni muziki ulio tupu, unaomsubiri mwimbaji.

Mwaka 1967 mhandisi wa Tokyo aitwaye Negishi Shigeichi alitengeneza sanduku la kuimbia. Miaka minne baadaye, mwaka 1971, mpiga muziki wa Kobe aitwaye Inoue Daisuke alitengeneza mashine nyingine iliyotumia kanda na kupokea sarafu. Kisa chake kinatuhusu. Inoue alikuwa akiwapigia wateja muziki katika mabaa. Mmoja wao, mkuu wa kampuni ndogo, hakuwa mwimbaji hodari, lakini aliweza kuimba Inoue akimpigia, kwa sababu Inoue alimfuata: akichelewa, naye alichelewa; sauti ikiwa ya chini, aliushusha wimbo. Bwana huyo alipotaka kusafiri na wenzake kwenda kwenye chemchemi za maji moto, Inoue hakuweza kuandamana naye. Basi akamrekodia kanda. Kutokana na kanda hiyo akapata wazo la mashine.

Umeona? Mwanzoni muziki ndio uliomfuata mwimbaji. Siku ile bibi yetu aliposhindwa, ilikuwa kinyume: yeye ndiye aliyelazimishwa kuukimbilia muziki.

Kwa nini sauti hubadilika?

Sauti huzeeka kama magoti yanavyozeeka. Misuli ya koo hulegea na pumzi hupungua. Kwa wanawake, baada ya hedhi kukoma, sauti mara nyingi hushuka na kuwa nzito kuliko ilivyokuwa ujanani. Kwa wanaume wengi wazee huwa kinyume: sauti hupanda kidogo na kuwa nyembamba. Kwa hiyo mama aliyeimba sauti ya kwanza akiwa na miaka 40 anaweza kushindwa kabisa kuifikia akiwa na miaka 75. Hajasahau kuimba. Ngazi ni ile ile, ila miguu imechoka.

Hilo lafaa kujulikana Japani hasa, maana huko karibu watu 3 katika kila 10 wana umri wa miaka 65 au zaidi. Mchana, vijana wakiwa kazini na shuleni, vyumba vingi vya karaoke hukodishwa kwa bei nafuu, na wateja wake wengi ni wazee. Nyumba za kutunzia wazee nazo huwa na mashine zao.

Wimbo mwepesi ni upi?

Wengine hudhani wimbo mwepesi kwa mzee ni wimbo wa chekechea. La hasha! Mtu mzima hapendi kufanywa mtoto. Wimbo mwepesi una sifa nne:

1. Haupandi sana wala kushuka sana. Mwanzo wake na kiitikio chake vinakaa karibu karibu.

2. Mwendo wake ni wa taratibu, na una nafasi za kuvuta pumzi.

3. Kila silabi ina noti yake. Mnaoimba kwaya kwa sol-fa mtaelewa upesi: nyimbo nyingi za Kijapani za karne iliyopita hutumia do, re, mi, so na la, zikiacha fa na ti. Tuni za namna hiyo hushikika haraka.

4. Mwimbaji aliujua akiwa kijana. Nyimbo tulizozipenda kati ya utoto na miaka ya ishirini hukaa nasi kuliko nyingine zote. Hata wazee waliopungukiwa na kumbukumbu, ambao wanasahau majina ya watoto wao, mara nyingi huweza kuimba ubeti mzima wa wakati huo.

Sifa hiyo ya nne ndiyo husahauliwa zaidi. Kabla ya kuchagua wimbo, uliza mzee alizaliwa mwaka gani, kisha ongeza miaka 15 au 20. Tafuta hapo.

Nyimbo zenyewe

Furusato (1914). Maana yake ni “nyumbani nilikozaliwa.” Ulichapishwa katika kitabu cha nyimbo cha darasa la sita, na karibu kila Mjapani anaujua. Ni wa mapigo matatu matatu, wa polepole. Unahusu mtu aliye mbali akikumbuka vilima na mito ya utoto wake, na kuwawaza wazazi. Anayetajwa kuwa mtunzi wa tuni, Okano Teiichi, alikuwa Mkristo aliyepiga kinanda kanisani huko Tokyo kwa miaka mingi. Pengine ndiyo sababu mwana kwaya wa kwetu akiusikia huona kama anaufahamu. Huu ndio wa kuanzia, hasa mkiimba kwa pamoja.

Ringo no Uta (1945). Huu ni wimbo wa tofaa, wa wale wenye miaka 90 na kuendelea. Ulitoka katika filamu iliyoonyeshwa miezi michache tu baada ya vita, watu wakiwa na njaa na miji ikiwa majivu. Mwimbaji wake, Namiki Michiko, alikuwa amefiwa na mama yake mwaka huo huo, mabomu yalipoangushwa Tokyo. Hata hivyo aliuimba kwa uchangamfu. Wazee husimulia mengi wakiusikia, kwa hiyo uwe na muda wa kuwasikiliza.

Ue o Muite Aruko (1961). Maana yake ni “tutembee tukitazama juu.” Uliimbwa na Sakamoto Kyu. Mwaka 1963 ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma matatu, ingawa huko uliitwa Sukiyaki, jina la mchuzi wa nyama usiohusiana na wimbo kabisa! Sakamoto alikufa katika ajali ya ndege Agosti 1985. Tuni yake ni nyepesi, maneno hayakimbii, na katikati kuna sehemu ya kupiga mbinja ambapo mwimbaji anaweza kupumzika.

Seto no Hanayome (1972). Ni “bibi arusi wa Seto,” wa Koyanagi Rumiko. Msichana anaondoka kisiwani kwao kwa mashua kwenda kuolewa kisiwa kingine, huku mdogo wake akimlilia. Mama yeyote aliyeagwa kwao ataelewa bila kutafsiriwa. Wanawake walioolewa miaka hiyo huupenda mno.

Kitaguni no Haru (1977). Ni “majira ya kuchipua katika nchi ya kaskazini,” wa Sen Masao. Kijana aliye mjini anapokea kifurushi kutoka kwa mama yake kijijini. Mpe babu wimbo huu. Sauti nzito huumudu, na mwendo wake ni wa mtu anayetembea.

Akatombo, yaani kerengende mwekundu, tumeuacha mwisho kwa makusudi. Shairi ni la Miki Rofu, ambaye wazazi wake waliachana akiwa mdogo, mama akaondoka. Tuni aliitunga Yamada Kosaku mwaka 1927. Ni mfupi na mtamu, lakini usidanganyike na ufupi wake: unaanzia chini na kupanda juu sana. Ushushe kwanza.

Na ule wa Misora Hibari uliomwangusha bibi yetu? Ulitoka Januari 1989, na mwimbaji akafariki Juni mwaka huo huo akiwa na miaka 52. Ni wimbo mzuri kweli, ila unaanza chini kama mtu anayezungumza, kisha kiitikio kinaruka. Kosa halikuwa la bibi. Nguo haikumtosha.

Mwepesi kooni, mzito moyoni

Hapa nasi tulikosea, na tunakiri. Tulipojua kwamba Mama amezaliwa mwaka 1946, tulipiga hesabu zetu na kumwandikia msomaji wetu: mjaribishe Koko Sannensei, wa Funaki Kazuo, uliotoka mwaka 1963. Ni wimbo wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wanaoagana, na kizazi chake wanaupenda. Mama alikuwa na miaka 17 wakati huo. Tukaona umemtosha barabara.

Jibu lilikuja: “Niliuweka kwenye redio jikoni. Mama alifunga bomba, akafuta mikono, akatoka.”

Jioni, mkwewe alimfuata na kumwomba radhi. Ndipo Mama alipomsimulia jambo ambalo hata mwanawe hakulijua vizuri. Yeye hakusoma sekondari. Alimaliza shule ya kati mwezi Machi 1961, akiwa na miaka 15, na majuma machache baadaye alipandishwa treni pamoja na wenzake wa kijijini kwenda kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Miaka hiyo vijana wengi sana wa mashambani waliondoka hivyo kwa treni maalumu. Waliitwa “mayai ya dhahabu” kwa sababu viwanda viliwagombania. Walilala mabwenini na kutuma fedha nyumbani. Wimbo wa shangwe za wanafunzi ulipovuma mwaka 1963, yeye aliusikia akiwa amesimama mbele ya mashine.

Tulipochunguza zaidi tukagundua jambo. Mtunzi wa tuni ya wimbo huo, Endo Minoru, alikulia katika umaskini na yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kwenda sekondari. Ndiye pia aliyetunga tuni ya Kitaguni no Haru. Msomaji wetu alimweleza Mama habari hiyo. Mama alikaa kimya, kisha akasema, “Kumbe na yeye.”

Basi, akina mama, somo ndilo hilo. Mwaka wa kuzaliwa utakuonyesha mlango, lakini usiingie bila kubisha hodi. Uliza kwanza: “Mama, mlikuwa mkiimba nini ulipokuwa msichana?” Kisha nyamaza usikilize.

Mkiwa chumbani

Msomaji wetu, pamoja na wengine waliotuelekeza, wanashauri hivi:

• Shusha wimbo mzima kabla ya kuanza. Mashine za karaoke zina kitufe cha kushusha au kupandisha wimbo hatua kwa hatua. Kwa mama mzee, anza kwa kushusha hatua mbili au tatu. Kitufe kingine hupunguza mwendo. Hakuna aibu kuvitumia.

• Zima alama. Mashine nyingi hukuruhusu kufanya hivyo. Bibi hayuko kwenye mtihani.

• Washa tuni ya kuongoza, ili asipotee akisahau.

• Usimpe kipaza sauti peke yake mara ya kwanza. Imbeni pamoja; akishika njia, punguza yako taratibu.

• Ubeti mmoja watosha. Wimbo si lazima umalizwe.

• Aketi wima, miguu ikigusa sakafu, maji ya uvuguvugu yakiwa karibu. Kila baada ya nyimbo mbili tatu apumzike. Mwenye presha asijikamue kwa nguvu.

• Fungua mlango hewa ipite, na futa vipaza sauti. Mwaka 2020, wakati wa korona, vyumba vya kuimbia vilivyofungwa vilikuwa njia mojawapo ya kuambukizana. Mwenye mafua abaki nyumbani.

Pa, ta, ka, ra

Katika nyumba nyingi za wazee huko Japani, kabla ya chakula utawasikia wakitamka pamoja: pa, pa, pa, ta, ta, ta, ka, ka, ka, ra, ra, ra. Pa hufunga midomo. Ta huinua ncha ya ulimi. Ka hufanya kazi nyuma ya koo. Ra huuzungusha ulimi. Ni misuli ile ile tunayotumia kutafuna na kumeza. Kupaliwa ni hatari kubwa kwa wazee, na chakula kinachoingia mapafuni huleta nimonia. Kila Mwaka Mpya Wajapani hukumbushwa wawe waangalifu wazee wanapokula mochi, zile keki za mchele zinazonata.

Kuimba hufanya zoezi hilo hilo bila mtu kuhisi kwamba anafanyishwa mazoezi. Kijapani kina irabu tano, a, e, i, o, u, zinazokaribia zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Mdomo hufunguka na pumzi hutoka vizuri. Ndiyo maana hata Mswahili asiyejua maneno yake anaweza kusoma Furusato na kueleweka.

Hatusemi kwamba nyimbo ni dawa. Mzee anayenyamaza ghafla, anayekohoa kila akila au anayepotewa na maneno apelekwe kwa daktari.

Mwishowe ilikuwaje?

Barua ya mwisho imetufikia. Msomaji wetu alimwuliza Mama lile swali. Mama alisema kwamba mwaka ule wa kwanza kiwandani, wimbo uliokuwa redioni ulikuwa Ue o Muite Aruko, na wasichana waliuimba gizani baada ya taa za bweni kuzimwa, kila mmoja kitandani kwake, ili mwenzake asisikie akilia.

Walirudi kwenye karaoke siku ya kazi, mchana. Wimbo ulishushwa hatua tatu, na alama zikazimwa. Walikuwa watatu tu: Mama, mkwewe, na yule mjukuu wa miaka tisa ambaye shule yake ilikuwa imefungwa. Mkwewe alianza naye. Kufika mstari wa pili alinyamaza, maana Mama hakumhitaji tena. Sauti ilikuwa ndogo na nzito, lakini haikukatika. Ilipofika sehemu ya mbinja, Mama alijaribu, hewa ikatoka bure. Mtoto akaidaka mbinja hiyo na kuipiga hadi mwisho, macho yake yakimtazama bibi yake. Hakuna aliyecheka.

“Bado hajarudia wimbo wa Hibari,” mama huyo anamalizia, “wala simshurutishi. Lakini jana asubuhi nilisikia maji yakitiririka jikoni, na mtu anaimba chini chini. Nilibaki mlangoni. Sikutaka kumkatiza.”

Huku kwetu vyumba vya karaoke si vingi, na mashine si lazima. Lakini wazee tunao. Tunawapa uji, tunawapa dawa, tunawapa shuka safi, kisha tunawasha redio ya nyimbo zetu na kuwaacha pembeni. Je, unajua mama mkwe wako alikuwa akiimba nini shambani, kisimani au katika kwaya ya kwanza aliyojiunga nayo? Mwulize jioni ya leo. Mwache achague mwenyewe pa kuanzia, nawe umfuate.